Ng'ombe Waliolala Ndani ya Kaseti

Siku mliyoniaga kazini hapo Nyamisangura, wanafunzi wangu, mlinipa soda mbili, keki ngumu kama tofali, na daftari hili. Mkasema, "Mama, andika ulivyoanza, tusije tukakosa wa kumwuliza." Nimekaa na daftari wiki tatu nikilitazama tu. Habari za vyeo tuziruke, maana kibanda chetu kilikuwa na vyeo viwili, fundi na asiye fundi, na anayepanda kutoka kimoja kwenda kingine haandikiwi barua. Nitaandika habari za kazi yenyewe, na mwishoni nitawaachia kazi moja ambayo sijaimaliza. Kwa hiyo msiruke kurasa.

Sikuja Tarime mjini kutafuta ufundi. Nilikuja na redio ya marehemu baba iliyokuwa imenyamaza, nikaelekezwa kwa Mzee Nyamhanga, fundi mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Akaifungua, akatazama ndani, akatazama mikono yangu, akasema, "Wewe binti, shika hapa." Nikashika waya. Nimeuachia mwaka huu.

Umeme haukuwa wa kutegemea. Chuma cha kuchomea risasi tulikipasha moto kwenye jiko la mkaa, na kazi yangu ya miezi minne ya kwanza ilikuwa kupepea jiko na kusema chuma kimeiva au bado. Nyinyi mnaolalamika kwamba chuma cha umeme kinachelewa kupata moto, mngekuwa mnapepea mngekuwa watu wa adabu sana. Vifaa vingine vilikuwa mswaki wa zamani, spiriti, kifutio cha shule na sindano ya kushonea. Kwa hivyo vinne nimefufua mitambo mingi kuliko kwa kipimo chochote cha kisasa.

Mzee alikuwa na sheria moja. Chombo hakitoki mezani mpaka yeye akiinue, akiweke sikioni, afumbe macho na kusema, "Imepona." Mteja angeweza kusikia redio inaimba vizuri, akawa ameshaishika, Mzee akamnyang'anya kwa sababu ameisikia ikipiga chafya. Tulikuwa na redio iliyokaa wiki tatu kwa kosa la chafya. Mimi mwenyewe sikuruhusiwa kulitamka neno hilo hata siku moja. Kazi yangu aliisikiliza yeye, akalisema yeye, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya kazi.

Kisa kimoja kishikeni, mtakihitaji mbele. Mpishi mmoja aliyefanya kazi huko Ikoma, kwenye hoteli za watalii, alirudisha redio mara tatu akilalamika kwamba ina mkoromo. Haikuwa na ubovu, ila kule kwenye geti la hifadhi kituo cha redio kilikuwa mbali. Mara ya tatu Mzee aliisikiliza, akamwambia, "Hiyo ni mvua. Kwenye kituo chao kule mvua inanyesha." Mpishi akaondoka ameridhika, na sikumwona tena. Nikamwuliza Mzee kwa nini amemdanganya mtu mzima. Akasema, "Mkoromo wa mbali hauondoki, Ghati. Lakini mtu akishajua unatoka wapi, anaishi nao." Nilimwona mhuni kidogo siku ile.

Halafu zikaja TV game. Mimi ndiye niliyezileta. Nilikwenda Sirari kununua spika, nikakutana na muuzaji kutoka ng'ambo ya mpaka aliyekuwa amepanga mitambo midogo ya plastiki, kila mmoja na pedi mbili za kubonyezea na tundu la kuchomekea kaseti. "Madam, hii mashine iko sawa kabisa," akaniambia. "Na hii kaseti iko na gemu mia tisa tisini na tisa. Siwezi kukudanganya, mimi ni mtu wa kanisa." Nilipofika nyumbani nikakuta gemu ni saba, zimeandikwa majina tofauti mpaka orodha ikajaa. Nilicheka, nikazipenda zote saba.

Watu wakajaa kibandani. Makarani, wauza nyanya, askari mmoja aliyekuwa akivua kofia kabla ya kucheza ili asionekane ni serikali. Mitambo ikaanza kuharibika na mimi nikawa fundi wake. Hapo ndipo nilipowafundisha nyinyi kwamba kaseti haipulizwi kwa mdomo. Mate yanaozesha miguu ya shaba. Futa kwa kifutio, halafu spiriti, halafu subiri ikauke. Najua bado mnapuliza nikigeuka.

Mzee Nyamhanga aliziita uhuni wa vidole. Alinisaidia kutengeneza upande wa umeme, maana umeme hauna dhambi, lakini nilipompelekea mtambo autamkie lile neno lake alikunja mikono. "Kitu hakijawahi kuumwa, kitaponaje?" Miaka yote hiyo, gemu nilizotengeneza zilijaa debe, na hakuna hata moja iliyotoka mezani na "Imepona." Zilitoka hivihivi, kama wanafunzi waliofukuzwa. Mnaweza kucheka, lakini lilinikera kila mara.

Kisha Mzee akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukalala, na mguu ukawa wa kuburuta. Akaacha kibanda mikononi mwangu, akarudi kwake Ringwani, wilaya ya Serengeti. Wanawe wakaona hawezi tena kuchunga wala kusimamia, wakahamishia ng'ombe wake kwa kaka yao mkubwa. Walifanya kwa nia njema, na walimwambia baada ya kuwahamisha. Nilipokwenda kumtazama nikamkuta amekaa kwenye kigoda, uso umeelekea zizi tupu. Mkewe, Mama Robi, alinivuta jikoni. "Ghati, mwanangu, siku hizi hata redio haiulizi," akasema. Mtu aliyesikiliza chafya za redio maisha yake yote hataki redio! Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku walipotuambia ni kiharusi.

Katika miezi hiyohiyo akaja kibandani Mwalimu Faraji, mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa Tarime kutoka Lindi, mtu mpole, na Kiswahili chake laini mpaka unamwomba arudie kwa raha tu. Alileta pedi iliyovunjika, akaona kaseti zangu, macho yakamtoka. Akanieleza kwamba duniani kuna watu ambao mpaka leo wanatunga gemu mpya kabisa kwa ajili ya mitambo hii ya zamani.

"Nani amewatuma?" nikauliza.

"Hakuna."

"Wanalipwa na nani?"

"Wengi wao hawalipwi, Mama."

"Basi hao ni wagonjwa."

"Naam," akasema kwa adabu. "Na mimi ni mmoja wao."

Alikuwa ameshatunga gemu ya kaa anayekwepa miguu ya watu, ila hakuwa na fundi wa kumwekea kwenye kaseti. Tukakubaliana. Yeye anatunga kwenye kompyuta yake na kuiandika kwenye chipu kwa kifaa chake kidogo. Mimi natafuta kaseti za zamani zenye chipu za miguu, siyo hizi za siku hizi zenye tone jeusi la lami, nang'oa chipu yao na kuweka yetu. Siku kaa yule alipotembea kwenye skrini kibandani nilipiga kelele mpaka jirani muuza nguo akaja na fimbo.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Nikamwambia Mwalimu, "Tunatunga gemu ya kuchunga ng'ombe. Ya mkono mmoja. Ni ya Mzee wangu, na sistaafu mpaka aseme imepona." Mwalimu akasema ng'ombe hawajui vizuri. Nikamwambia hakuna shida, kila mtu Tarime ni mtaalamu.

Ilipokamilika tulikwenda Ringwani kwa pikipiki mbili. Mimi nilipakata televisheni ya kichogo kama mgonjwa anayepelekwa zahanati, na Mwalimu alibeba inveta ya kugeuzia umeme wa betri. Kule tukaunga kwenye betri ya sola ya Mama Robi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Hilo limeharibika nini?"

"Halijaharibika."

"Sasa mmelibebea nini?"

Nikamwekea pedi kwenye mkono wa kulia. Kidole gumba kilitosha, kwa sababu gemu yetu ilitumia kile kitufe cha msalaba peke yake. Mchungaji akatokea kwenye skrini, akaanza kutembea, na ng'ombe wakamfuata nyuma kwa mstari. Mzee akatazama kidogo.

"Wewe mura," akamwambia Mwalimu, kama wazee wetu wanavyomwita kijana, "hao ni ng'ombe au ni bata? Mchungaji anakaa mbele, nyuma nani anaangalia? Kwenu mnawajua ng'ombe kweli?"

"Kwetu, Mzee, nakiri, tunawafahamu zaidi kwa mchuzi."

Nikadhani Mzee atacheka. Lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kona ya juu, ambako Mwalimu, kama watungaji wote wa gemu, alikuwa ameweka idadi. Neno NG'OMBE, na namba pembeni yake. Mzee akaweka pedi chini.

"Nani amewatuma kuhesabu ng'ombe wa mtu?"

Kosa lilikuwa langu. Mwalimu wa Lindi angejuaje? Mimi ndiye niliyekulia kwenye boma la baba asiye na mtoto wa kiume, nikachunga mwenyewe, na nilifundishwa kabla ya kujua kusoma kwamba ng'ombe hawahesabiwi kwa namba. Unawatazama wanapoingia, na asiyekuwepo unamjua kwa rangi yake. Kuhesabu ni kuwaita wafe. Ndiyo maana na humu sitaandika walikuwa wangapi, na msiniulize.

Tukarudi kuanza upya. Na hapa jifunzeni jambo. Chipu tulizotumia zina kidirisha cha kioo mgongoni, na zikipigwa na jua zinasahau zilichoandikiwa. Wenye taa maalumu huzifuta kwa dakika chache. Sisi tulizianika juu ya bati wiki nzima, pamoja na mahindi ya mama mwenye nyumba aliyempangisha Mwalimu. Yule mama alipokuwa akichambua mahindi kwenye ungo akakuta mdudu mweusi, mwenye miguu ishirini na minane, amelala chali. Akampiga kwa kandambili mpaka akamwona amekufa. Toleo la pili la gemu yetu liliishia hapo, na Mwalimu alilizika kwenye droo yake kwa heshima.

Toleo la tatu halikuwa na namba popote. Mchungaji alikaa nyuma. Na ng'ombe walikuwa ni wa Mzee mwenyewe, kama Mama Robi alivyonielezea. Mwekundu, mweusi mwenye doa kwenye paji, wa mabaka, wa kijivu, na jike la pembe moja, na wengine. Mtambo ule unakupa rangi tatu tu kwa kila kitu unachochora, na ile pembe moja ilikuwa nukta moja nyeupe. Mzee alipoiona ile nukta alisogeza kigoda mbele.

Akawatoa ng'ombe, akawapeleka mtoni. Walipofika walijipanga kunywa kwa mafungu, na yule wa mwisho wa fungu la kwanza akakatika katikati. Kichwa na miguu ya mbele vinakunywa, nyuma hakuna kitu.

"Wamemkata!" Mzee akasema kwa nguvu. Jirani yake, Mzee Wankuru, akaja mbio, akainama kwenye skrini kwa muda, akasema kwamba kwa uzoefu wake hii ni kazi ya watu wa kilima cha pili.

Nikawatuliza wote wawili. Nikamweleza Mzee kwamba mtambo una ukomo. Kwenye mstari mmoja unaweza kuchora vipande vinane tu, na cha tisa unakiacha. Kila ng'ombe ni vipande viwili na mchungaji ni kimoja, kwa hiyo pigeni wenyewe hesabu ya vipande mtaona nani anakatwa.  Mzee akauliza swali la kwanza la ufundi nililolisikia kutoka kwake tangu augue.

"Kwa nini vinane?"

Mama Robi alisimama mlangoni na sufuria mkononi, hakusogea. Mzee akaomba miwani. Mwalimu akamchorea kwenye mchanga jinsi mtambo unavyosoma mstari, na akasema dawa iliyopo ni kuwazungusha, yaani anayeachwa awe tofauti kila mara, ila hapo ng'ombe wote watakuwa wanamweka, wanaonekana na kupotea.

"Ng'ombe wa ukame ndivyo wanavyoonekana," Mzee akasema. "Kwenye vumbi. Huyu unamwona, huyu humwoni. Wekeni vumbi."

Nikakumbuka mvua ya mpishi wa Ikoma. Nikacheka peke yangu njia nzima, na dereva wa pikipiki akaniuliza kama niko salama.

Mara ya tatu tulikuja na vumbi. Ng'ombe walionekana na kupotea, na mtu yeyote angeapa kwamba ni vumbi. Mzee alipiga mluzi kwa upande wa mdomo unaofanya kazi. Aliwatukana, akawabembeleza, akamrudia yule wa pembe moja mara mbili kwa sababu ni mkorofi hata kwenye maisha ya kawaida. Akawaingiza zizini wote, mlango ukafungwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikajua neno langu linakuja. Nikanyoosha mkono kuzima, ili tule.

"Unazima?" akauliza. "Watalala wapi?"

"Mzee, hawalali. Ukiwasha tena wanaanza upya."

"Wanaanzia wapi?"

"Malishoni. Hii kaseti haikumbuki."

Akautazama mtambo, akatazama zizi tupu nje. "Kwa hiyo ukizima, nimenyang'anywa tena," akasema.

Lile neno alininyima, ila si kwa ukali, na ingekuwa nafuu kama angekataa kwa ukali. Alimwambia Mama Robi mtu asiguse swichi. Tukakaa wote tukiangalia zizi la kwenye skrini, ng'ombe wamesimama, hakuna kinachotokea. Saa tisa alasiri betri ya sola ikaisha na skrini ikawa nyeusi. Mzee akaiweka pedi chini, akageuza kigoda kikarudi kuelekea nje. Hatukuagana. Nilirudi Tarime nimejichukia, kwa sababu walichomfanyia wanawe mara moja, mimi nilikuwa nimekipa swichi ya kukirudia kila siku.

Wengine wenu mnakumbuka wiki ile nilivyomfokea kila aliyeleta simu. Kisha nikakumbuka kaseti moja ya Kijapani iliyokaa kwenye debe miaka mingi. Gemu yake ilikuwa maandishi matupu, hakuna mtu Tarime aliyejua inataka nini. Yule askari aliwahi kuhangaika nayo mwezi mzima akadhani anashinda, kumbe alikuwa kwenye ukurasa wa kuandika jina. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na betri bapa kama kitufe cha koti, na chipu ndogo ambayo betri inailinda isisahau.

Nikamwita Mwalimu, hakumaliza hata chai yake. Yeye aliandika upya ili kila ng'ombe akumbukwe aliposimama. Mimi nikang'oa ile chipu kubwa yenye gemu ya Kijapani, nikaweka yetu, nikabadilisha betri. 

Tulipofika Ringwani Mzee hakugeuza kigoda. Ilibidi Mama Robi amwambie, "Baba Robi, mtoto wako amepanda pikipiki na televisheni mapajani mara ya nne. Geuka." Akageuka. Akachunga bila mluzi, akawaingiza zizini, mlango ukafungwa. Akanitazama.

"Zima, Mzee," nikasema. "Wewe mwenyewe."

Akazima. Tukaenda kula ugali na mlenda, na sijawahi kuona watu wanne wakila polepole namna ile. Mzee alikula matonge mawili. Mwalimu aliacha kutafuna kabisa. Tukarudi, akabonyeza swichi kwa kidole chake.

Walikuwepo. Kila mmoja pale alipomwacha, jike la pembe moja ameugeuzia mlango mgongo. Mzee alipitisha kidole kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, midomo inacheza bila sauti. Alipomaliza akazima, akachomoa kaseti, akaiweka sikioni na kufumba macho. Kaseti haitoi sauti yoyote, nyinyi mnajua na yeye alijua. Alisikiliza kwa muda mrefu sana.

"Imepona," akasema.

Nililia, na sioni sababu ya kuandika vinginevyo. Mwalimu alitoka nje kwenda kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na tatizo. Televisheni tuliiacha pale, na mwisho wa mwezi ule nikafunga kisanduku changu cha vifaa.

Sasa ile kazi iliyobaki. Mzee yuko hai. Mama Robi ananiambia kila asubuhi anafungua zizi na kila alasiri anafunga, na Mzee Wankuru anakuja kumwelekeza bila kuombwa. Lakini betri ile haitadumu milele. Siku moja mtu atakuja kibandani kutoka Ringwani na kaseti isiyo na karatasi, yenye alama ya pembe moja niliyoichora kwa msumari mgongoni. Pimeni betri. Ikishuka chini ya volti mbili na nusu, ibadilisheni, lakini msiing'oe mtambo ukiwa umezimwa. Fungueni kifuniko, chomekeni kaseti, washeni, na ndipo mshike chuma, ili umeme wa mtambo uilinde ile chipu wakati betri haipo. Chuma kisiguse mguu wa jirani. Anayetetemeka ampishe mwenzake. Na yeyote asipulize, tafadhali sana. Mle ndani mna ng'ombe wa mtu.